SOMO LA WATOTO: KIKAPU KILICHOZUIA MAJI

(Kwa walimu wa Shule ya Jumapili na wazazi. Watoto wa miaka 4 hadi 8. Soma kwanza Kutoka 2:1-10.)



Watoto wetu wengi wanaijua habari ya Musa kuwekwa kando ya mto. Lakini ukiwauliza, "Mbona maji hayakuingia kikapuni?" hunyamaza. Wamekariri habari, hawajaiona kazi ya mikono ya mama yake. Somo hili litawasaidia kuiona, tena litawafundisha tabia za vitu wanavyovishika kila siku.

VIFAA: Beseni la maji, kitambaa cha pamba, karatasi, jani la mgomba, jani la gimbi, kipande cha bati, bonge la udongo lililokaushwa juani, na gae la chungu kilichovunjika.

JARIBIO LA KWANZA. Mpe kila mtoto kitu kimoja akishike. Ni kigumu au laini? Kizito au chepesi? Kisha uliza: "Tukikitia maji, itakuwaje?" Waache wabuni kwanza, usiwape jibu. Sasa watie matone ya maji, kisha watenge vitu: vinavyonyonya huku, visivyonyonya kule.

Wataona kitambaa na karatasi vinanyonya. Kwenye jani la gimbi maji yatafanya shanga na kuteleza, kwa sababu Mungu amelivika jani hilo nta nyembamba sana. Watoto wa Zirai, ambako mvua ni nyingi, wamekwisha kujifunika jani la mgomba njiani. Waambie kwamba siku ile walikuwa wanatumia elimu hii.

Mwisho, tumbukiza bonge la udongo na gae ndani ya maji. Bonge litalainika na kumomonyoka, gae litabaki gumu. Vyote viwili ni udongo, ila kimoja kimepita motoni. Akina mama wafinyanzi wa Usambara wanaijua siri hiyo tangu zamani. Kama yupo mfinyanzi karibu, mwalike aje awaeleze watoto mwenyewe.

JARIBIO LA PILI. Sukeni vikapu viwili vidogo kwa maganda makavu ya mgomba. Kimoja kiacheni hivyo hivyo. Cha pili, mwalimu akipake nta ndani na nje. Mwombe padre mabaki ya mishumaa. Nta iyeyushwe na mtu mzima, watoto wakae mbali na moto. Ikishapoa, weka kijiwe katika kila kikapu na uvielekeze majini. Watoto wahesabu pamoja: kipi kitaingiza maji kwanza?

Ndipo uwasomee habari ya Musa. Mama yake alikipaka kikapu, na Biblia yetu ya Kiswahili inataja "sifa" na lami. Sifa hapa siyo kusifu. Ni mafuta ya samaki, ambayo watu wa pwani walipaka vyombo vya baharini. Mama yule alimpenda mwanawe, na upendo wake ulikuwa na maarifa. Angelia tu bila kuziba matundu, mtoto angezama.

ONYO. Wafundishe watoto kwamba tunajaribu kwa macho na vidole, kamwe si kwa ulimi. Mafuta ya taa huweza kufanana na maji, na mtoto mwenye kiu akiyakuta katika chupa ya soda atayanywa. Mzazi, usitie mafuta ya taa wala dawa ya shamba katika chupa ya kinywaji. Weka mbali na juu. Vivyo hivyo, mwonyeshe mtoto kwamba mpini wa mwiko wa mti haupashi joto haraka, bali sufuria huunguza.

MASWALI
1. Nyumbani kwenu kuna vitu gani vinavyozuia maji?
2. Kwa nini hatutengenezi sufuria kwa karatasi?
3. Mama yake Musa alifanya nini ili mtoto asizame?

KAZI YA NYUMBANI. Kila mtoto alete kitu kimoja Jumapili ijayo, na aeleze kwa nini kimetengenezwa kwa kitu hicho na si kingine.

SALA. Ee Mungu uliyeumba udongo, miti na maji, tufundishe kuvijua vitu ulivyotupa, ili tuwalinde wadogo wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.