Ufahamu na Ufupisho: Fiziotherapia Baada ya Jeraha la Ubongo

Malengo ya somo

Baada ya somo hili utaweza:
(a) kutofautisha sababu na matokeo katika habari ya kitaalamu;
(b) kujibu maswali kwa kutumia yaliyomo kwenye habari tu;
(c) kufupisha aya bila kupoteza wazo kuu.

Utangulizi

Mwanafunzi mpendwa, watahiniwa wengi hukosa alama za ufahamu wakati Kiswahili wanakijua vizuri. Hukosa kwa sababu hujibu yale wanayoyasikia mtaani badala ya yale waliyoyasoma. Habari za afya ndizo zenye mtego huo zaidi. Soma habari ifuatayo mara mbili. Mara ya kwanza tafuta wazo kuu. Mara ya pili shika kalamu, upigie mstari kila sababu na matokeo yake.

Habari

*Aya ya 1.* Tuseme kijana ameanguka na pikipiki, naye hakuvaa kofia ngumu. Anafikishwa hospitali akiwa amepoteza fahamu. Baada ya siku kadhaa anazinduka, lakini mkono na mguu wake wa kulia haiinuki. Ndugu zake wanaukanda mkono kwa mafuta ya moto wakisema, "Misuli imekufa." Wamekosea. Mkono haukuumia. Jeraha liko kichwani, upande wa kushoto, kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayotawala upande wa kulia wa mwili, na nusu ya kulia hutawala upande wa kushoto. Misuli ipo, ila amri haiifikii.

*Aya ya 2.* Seli za ubongo zilizokufa hazioti upya kama ngozi ya kidonda. Hata hivyo, ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na zile zilizobaki huweza kuunda mawasiliano mapya na kuchukua baadhi ya kazi zilizopotea. Sehemu ya nafuu huja yenyewe katika wiki za mwanzo, uvimbe wa ubongo unapopungua. Sehemu nyingine hutegemea mazoezi yanayorudiwa mara nyingi. Ni kama njia ya miguu inayokatiza kwenye majani: ikipitwa kila siku hubaki wazi, ikiachwa majani huota.

*Aya ya 3.* Fiziotherapia huanza kitandani, mara tu hali ya mgonjwa inapotulia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo. Viungo vyake hukunjwa na kunyooshwa taratibu ili visikakamae, na husaidiwa kutoa makohozi kifuani. Akipata nguvu, hufundishwa kukaa ukingoni mwa kitanda, kusimama, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha kupiga hatua. Baada ya hapo mazoezi huwa vitendo halisi vya kila siku: kuinuka kwenye kiti, kushika kikombe, kufunga vifungo vya shati. Kitendo kimoja hurudiwa mara nyingi, kwa kuwa ubongo hujifunza kile hasa unachokifanya.

*Aya ya 4.* Mtafiti wa Marekani, Edward Taub, aligundua kwamba mgonjwa akizoea kutumia mkono mzima peke yake, mkono dhaifu huzidi kusahauliwa. Kutokana na hilo ilibuniwa tiba ambayo mkono mzima huvishwa glavu nene kwa sehemu kubwa ya siku, kwa muda wa wiki 2, ili mgonjwa alazimike kutumia ule dhaifu. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2006 uliwahusu watu waliopata kiharusi, ambacho pia huharibu ubongo. Waliopewa tiba hiyo waliutumia mkono dhaifu vizuri zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Tiba hii huwafaa wale tu ambao mkono wao bado unasogea kidogo, nao huwa chini ya uangalizi wa mtaalamu.

*Aya ya 5.* Mtaalamu wa fiziotherapia huwa na mgonjwa kwa muda mfupi. Saa nyingine zote mgonjwa yuko na ndugu zake, na wengi huishi mbali na hospitali. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusiwa kutoka, familia iombe kuonyeshwa mazoezi na kuandikiwa. Wajihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kumfanyia mgonjwa kila kitu kwa huruma, kwani humnyima mazoezi. La pili ni kumwinua kwa kumvuta mkono dhaifu, kwani bega linaweza kuteguka. Wajue pia kwamba jeraha la ubongo huweza kuleta usahaulifu, hasira za ghafla na uchovu mkubwa. Huo si ukaidi wala uvivu. Lakini maumivu ya kichwa yakizidi, au mgonjwa akitapika mfululizo, akipata degedege au akisinzia kupita kawaida, arudishwe hospitali mara moja.

Maswali

1. Kwa nini mwandishi anasema ndugu wa kijana "wamekosea"? (alama 2)
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) anazinduka (b) visikakamae (c) ukaidi. (alama 3)
3. Huruma ya ndugu inawezaje kumdhuru mgonjwa? (alama 2)
4. Fupisha aya ya 3 kwa maneno yasiyozidi 40. (alama 8)

Mwongozo wa majibu

1. Kwa sababu walidhani tatizo liko kwenye misuli ya mkono, kumbe jeraha liko kwenye ubongo unaoutawala mkono huo.

*Zingatia:* Katika kusahihisha, hili ndilo swali ninaloona likiwaangusha wengi. Huandika, "Kwa sababu mafuta ya moto hayatibu." Rudi kwenye aya. Mwandishi hakuyajadili mafuta. Alichokipinga ni kauli kwamba misuli imekufa.

2. (a) anarudiwa na fahamu (b) visiwe vigumu na kushindwa kukunjika (c) hali ya kukataa kutii kwa makusudi.

3. Wakimfanyia kila kitu wanamkosesha mazoezi, na bila mazoezi ubongo haujifunzi upya. Angalia kwamba nusu ya pili ya jibu hili inatoka aya ya 2. Jibu la swali moja huweza kukaa katika aya mbili.

4. "Fiziotherapia huanza kitandani kwa kumgeuza mgonjwa, kukunja na kunyoosha viungo vyake na kumsaidia kutoa makohozi. Baadaye hujifunza kukaa, kusimama na kutembea, kisha hurudia mara nyingi vitendo vya maisha ya kila siku." (maneno 31)

*Zingatia:* Mifano ya kikombe na vifungo vya shati imeachwa, na wazo linaloikusanya, yaani vitendo vya kila siku, limebaki. Ukibakiza mifano yote utapitiliza idadi ya maneno.

Kazi ya nyumbani

Fupisha aya ya 5 kwa maneno yasiyozidi 50. Kama nyumbani kwenu au kwa jirani yupo mgonjwa wa namna hii, ukimaliza kazi yako wasomee aya hiyo kwa sauti. Kosa la swali la 1 kwenye mtihani hukupunguzia alama 2. Kosa hilohilo nyumbani humwacha mtu kitandani bila mazoezi, wakati ubongo wake bado ungeweza kujifunza.