Uchunguzi wa Udongo na Maji ya Ardhini Baada ya Kung'olewa Matangi ya Mafuta

Somo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wote

Tangi la mafuta likishang'olewa na shimo kufukiwa, wengi hudhani kuwa shughuli imekwisha. Sivyo. Mafuta yaliyovuja kwa miaka hubakia udongoni na huendelea kushuka hadi kuyafikia maji. Katika kisiwa cha Unguja jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa maji yetu ya kunywa hutoka chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambamo uchafu husafiri upesi.

Kiasi kidogo hutosha kuleta madhara. Petroli ina kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi maikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 ina karibu gramu 7 za kemikali hiyo, nazo kwa hesabu zatosha kuzifikisha lita 700,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Visiwa vingine vimekwisha kupata funzo. Mwezi wa Novemba 2021, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mafuta ya ndege kutoka ghala la Red Hill la Jeshi la Wanamaji la Marekani yaliingia katika kisima cha mfumo wa maji uliohudumia watu wapatao 93,000. Maelfu walilazimika kuhama nyumba zao kwa muda.

Uchunguzi ufuate hatua hizi:

(a) Kabla ya kuchimba, ikusanywe historia ya mahali: aina ya mafuta, umri wa tangi, na hesabu za mafuta yaliyoingizwa na kuuzwa. Upungufu usioelezeka ni dalili ya uvujaji.

(b) Tangi likitolewa, likaguliwe kutu na matundu. Sampuli za udongo zichukuliwe chini ya tangi, kwenye kuta za shimo, chini ya mabomba na penye pampu. Shimo lisifukiwe kabla ya kazi hiyo.

(c) Sampuli zijazwe pomoni katika chupa za kioo, zifungwe barabara, ziandikwe mahali, kina na saa, kisha zihifadhiwe katika barafu. Zikiachwa juani, benzini huruka, na majibu huonyesha usalama usiokuwepo.

(d) Vichimbwe visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, ili kujua maji yanaelekea wapi. Kimoja kiwe upande yatokako maji, vingine upande yaendako. Mafuta huelea; hivyo unene wa utando wake upimwe kabla ya kuteka maji. Kwa kuwa katika matumbawe maji hufuata nyufa, visima vya majirani navyo vipimwe.

(e) Penye matangi ya zamani, madini ya risasi nayo yapimwe, kwani petroli yenye risasi ilitumika katika nchi nyingi za Afrika hadi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.

Udongo ulionuka mafuta usirudishwe shimoni wala usipewe mtu kwa kujazia kiwanja. Uwekwe juu ya karatasi ya plastiki na kufunikwa mvua isiupate, hadi majibu ya maabara yatakapopatikana.

Mwananchi atakayesikia harufu ya mafuta katika kisima chake, au kuona utando wenye rangi za upinde wa mvua, aache mara moja kuyatumia maji hayo na amwarifu Sheha wake. Kuyachemsha si dawa: mvuke wa mafuta utajaa jikoni na kuvutwa na waliomo. Aidha, kutosikia harufu si uthibitisho wa usalama. Uthibitisho hutoka maabara.

Maji yakimwagika hayazoleki. Na kisima kikishaingia mafuta huchukua miaka mingi kusafika.