Tulinde Pikipiki na Kutu ya Pwani: Kung'aa Siyo Kinga

Sisi watu wa pwani ya Lindi tunaijua chumvi. Tunaitia katika mchuzi. Tunakaushia samaki. Wengine wetu tunaivuna katika majaruba ya chumvi. Lakini chumvi hiyohiyo ni adui wa chuma. Inakula mabati, inakula majembe, na inakula pikipiki.

Leo tutajifunza namna ya kulinda sehemu za pikipiki zinazong'aa. Sehemu hizo ni ringi, spoku, shokapu za mbele, usukani, madigadi na ekzosi. Somo hili linawahusu zaidi wenye pikipiki za zamani. Vipuri vyake vingine ni vigumu kupatikana. Kikishaharibika kipuri, mwenye pikipiki huhangaika.

Kwanza tusome mazungumzo haya.

MCHUUZI NA FUNDI

Mchuuzi mmoja wa samaki wa Kilwa Kivinje alirithi pikipiki ya marehemu baba yake. Ilikuwa Honda CG 125, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Kila Ijumaa aliisugua kwa mchanga laini na steliwaya mpaka iwake. Siku moja aliisukuma mpaka kwa fundi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unasukuma?"

"Breki ya mbele haishiki, baba. Jana nusura nimgonge mtoto pale Nangurukuru."

Fundi akainama. Akaziangalia shokapu. Akapitisha ukucha juu ya bomba linalong'aa.

"Njoo ushike hapa. Unasikia nini?"

"Kuna vishimo. Kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui."

"Basi, hiyo ni kutu. Bomba hili hupanda na kushuka ndani ya mpira unaoitwa sili. Kutu imeichana sili. Oili imevuja, imeteremka mpaka kwenye breki. Breki yenye oili itashika wapi?"

"Lakini fundi, mimi naisugua kila wiki! Hakuna pikipiki inayong'aa kama hii mtaa mzima."

"Ndiyo maana imekufa upesi. Ulikuwa unaivua nguo, mwanangu. Halafu unaiacha uchi penye chumvi."

Mchuuzi alinyamaza. Alikuwa akiitunza mali ya baba yake kwa moyo wote, kumbe alikuwa akiimaliza.

NGUO YA CHUMA

Fundi alikuwa na maana gani aliposema "nguo"?

Ringi na madigadi za pikipiki nyingi za zamani ni za chuma cha kawaida. Kiwandani chuma hicho huvishwa nikeli, kisha juu yake huvishwa kromu. Kromu ndiyo inayong'aa kama kioo. Kromu yenyewe haishiki kutu nyekundu. Kutu hutoka kwenye chuma kilicho chini yake.

Tatizo ni kwamba nguo hii ni nyembamba mno. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko kromu ya urembo kama mara 100. Tena ina vitundu na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Maji ya chumvi hupenya humo na kukifikia chuma. Ukisugua kwa mchanga, msasa au steliwaya, unaichana. Itang'aa wiki moja, kisha kutu itarudi kubwa kuliko mwanzo.

Kwa hiyo tukumbuke jambo hili: kung'aa siyo kinga.

CHUMVI INAFANYA NINI?

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa. Chumvi ikichanganyika na maji hayo, kazi ya kutu huenda mbio zaidi.

Chumvi ina tabia nyingine mbaya. Huvuta unyevu kutoka hewani. Jaribu jambo hili nyumbani. Wakati wa masika, weka chumvi ya mawe kidogo kwenye kisahani na uiache wazi usiku kucha. Asubuhi utaikuta imelowa, ingawa hukuimwagia maji. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye pikipiki. Upepo wa bahari huleta vitone vidogo vya maji ya chumvi. Maji hukauka, chumvi hubaki. Usiku ukiingia, chumvi hulowa tena na kuanza kula chuma, nawe umelala.

Chumvi huingia kwa njia nyingine pia. Maji ya barafu na ya samaki hutiririka kutoka kwenye tenga. Huangukia cheni, spoku na ekzosi. Na wako vijana wanaoendesha pikipiki ufukweni maji yakitupwa. Hao huipeleka pikipiki yao kwa adui kwa mikono yao wenyewe.

SIYO KILA MADINI HUOZA SAWASAWA

Zamani masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye ufukwe wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi hiyo. Zilikuwa na umri wa mamia ya miaka, na bado zilitambulika. Kama zingekuwa za chuma, huenda zingekwisha kuwa vumbi. Shaba ikichakaa hupata utando ambao huizuia isiliwe upesi. Kutu ya chuma haina huruma hiyo. Humomonyoka, na chuma cha chini kikaliwa tena.

Mfuniko wa injini ya pikipiki mara nyingi ni wa aluminiamu, kama sufuria zetu. Aluminiamu nayo ina utando wake wa kujilinda. Lakini chumvi huutoboa utando huo. Ukiona unga mweupe na vishimo, ujue chumvi imefika.

HATUA ZA KUFUATA

1. Osha siku hiyohiyo. Ukibeba samaki au ukipita ufukweni, usingoje kesho. Kama unakaa karibu na bahari, osha kila wiki hata kama hukubeba samaki. Subiri kwanza injini na ekzosi zipoe.

2. Tumia maji matamu. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha kwa maji hayo, unaondoa chumvi na kuiweka nyingine. Masika kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kama maji matamu ni machache, yaweke kwa ajili ya suuza ya mwisho.

3. Mwaga maji mahali pa kujificha. Chini ya madigadi. Pale spoku zinapoingia kwenye ringi. Nyuma ya taa. Tumia sabuni kidogo na kitambaa laini, kisha suuza sana.

4. Kausha. Pangusa kwa kitambaa kikavu. Endesha mwendo mfupi, ukibonyeza breki polepole ili zikauke.

5. Paka mafuta kidogo. Chukua mafuta ya mgando, yale yasiyo na rangi tunayojipaka mwilini. Yapake kwa kitambaa kwenye usukani, madigadi na ubavu wa ringi. Utando mwembamba unatosha. Mafuta mengi hukusanya mchanga. Bomba la shokapu lipanguse kwa kitambaa chenye oili safi kidogo sana. Kama ringi yako ndiyo inayobanwa na breki, usiipake kitu.

6. Weka pikipiki kivulini penye hewa. Banda la makuti linafaa. Usiifunike kwa nailoni ikiwa na maji. Nailoni hufungia unyevu ndani. Shuka kuukuu ni bora zaidi.

Wachuuzi wa samaki waongeze hatua moja. Watandike karatasi ngumu ya nailoni chini ya tenga, wakunje kingo zake, na watoe maji kwa mpira mdogo unaoning'inia mbali na gurudumu.

KAMA KUTU IMEKWISHA KUINGIA

Vidoa vidogo vya kutu kwenye kromu vinaondoka. Chukua karatasi ya fedha, ile foili ya kufungia chakula. Ifinyange, ichovye katika maji, usugue taratibu. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiichani kama steliwaya. Kisha suuza, kausha na upake mafuta. Vishimo havitaondoka, lakini kutu itapunguza mwendo.

Kama kromu imebanduka kama magamba ya samaki, hapo nguo haipo tena. Ondoa kutu yote, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Haitang'aa, lakini itadumu. Bomba la shokapu lenye vishimo usilipake rangi. Mpelekee fundi.

MAMBO YA KUEPUKA

- Usipake mafuta kwenye breki, kwenye tairi wala kwenye kiti. Ni hatari kwa maisha yako na ya abiria wako.
- Usipake mafuta ekzosi. Yataungua na kuacha doa. Ioshe ikiwa imepoa, uikaushe, basi.
- Usisafishe aluminiamu kwa magadi wala maji ya majivu. Huila.
- Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.
- Usilaze pikipiki katika ghala lenye magunia ya chumvi, mbolea au salfa ya mikorosho. Vitu hivi vikilowa huharibu madini. Ukivibeba, ioshe pikipiki jioni ileile.

TUPIGE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Weka bei za kwenu.

Tuseme sabuni, mafuta ya mgando na vitambaa ni shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi 30,000.

Tuseme mtu hakutunza. Ringi 2 pamoja na spoku zake ni shilingi 90,000. Mabomba ya shokapu ya mitumba ni shilingi 80,000. Sili na oili ni shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 180,000. Hapo hatujahesabu siku alizokaa bila kwenda sokoni. Wala hatujamhesabu mtoto wa Nangurukuru, ambaye hana bei.

KALAMU YAKO NAYO NI KINGA

Wewe umekwisha kujua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Chukua daftari dogo, ulitundike bandani. Andika tarehe uliyoosha, tarehe uliyopaka mafuta, na mahali ulipoona doa la kutu. Kichwa husahau, daftari halisahau.

Yule mchuuzi alifanya hivyo. Fundi alimbadilishia mabomba na sili, akasafisha breki na kuweka viatu vipya vya breki. Pikipiki yake sasa haing'ai kama zamani. Ringi zina vidoa vidoa. Lakini breki zinashika, na pikipiki ya baba yake ingali barabarani.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla jua halijazama, chota ndoo moja ya maji matamu uanze.

MASWALI

1. Kwa nini chumvi hulowa usiku hata kama mvua haikunyesha?
2. Fundi alisema mchuuzi alikuwa "anaivua nguo" pikipiki. Eleza maana yake.
3. Taja sehemu 3 za pikipiki ambazo hazipakwi mafuta. Eleza sababu.
4. Maji ya kisima chenu yana chumvi? Kama ndiyo, mtapata wapi maji ya suuza ya mwisho?
5. Katika hesabu yetu, aliyetunza pikipiki ameokoa shilingi ngapi kwa mwaka?

Jadilianeni maswali haya na wenzenu. Mwenye pikipiki na aje nayo, muikague pamoja.