Marando ya Vuli Hutunzwa Kiangazi

Mkulima wa viazi vitamu ana raha moja ambayo wa mahindi hana: hanunui mbegu dukani, kwa kuwa shamba lake ndilo ghala yake. Walakini raha hiyo ndiyo imtiayo hasarani, maana kiangazi kikikaza, na mbuzi wakafunguliwa mashambani baada ya mavuno, marando hukauka au huliwa, na vuli inyeshapo mwenye shamba huzunguka kwa majirani akiomba, naye aghalabu hupewa yale ambayo wenyewe hawakuyataka.

Kiazi kitamu ni jamaa wa mlakasa utambaao juu ya mchanga wa pwani, na ujamaa wao hudhihirika katika ua: la zambarau hafifu, lililokoza ndani, hufunguka alfajiri na kunyauka jua lipandapo. Ua hilo lapendeza kutazamwa, lakini mkulima lina faida haba kwake, kwani miche itokayo katika mbegu zake haifanani na mama yao wala wao kwa wao. Kuichagua ni shughuli ya wataalamu, mfano wa Robert Mwanga wa Uganda, ambaye kazi yake katika viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vyenye kuupa mwili vitamini A, ilimweka miongoni mwa watu wanne waliotunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Rando ni mama yule yule aliyeendelezwa, nalo hurithi sifa zake zote pamoja na maradhi yake.

Kwa hiyo chagueni sasa, kabla ya kung'oa viazi vya mwisho. Mmea uliodumaa, wenye majani membamba yaliyokunjamana na kuingia umanjano, una virusi viletwavyo na inzi weupe na vidukari. Aina mbili za virusi hivyo zikikutana katika mmea mmoja, mavuno yaweza kupungua zaidi ya nusu, wala dawa ya kuuponya hakuna. Usionewe huruma, ung'olewe uzikwe. Katika mimea iliyo salama kateni ncha tu, kiasi cha sentimita 30, mkiacha sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi, kwani huko ndiko fukusi jike, mdudu mweusi mwenye pua ndefu ambaye asiyemjua humdhani chungu, hutoboa kitundu, akataga yai moja, kisha akakiziba kwa kinyesi chake. Kiazi kilichotafunwa na watoto wake huwa kichungu, na uchungu huo hautoki hata kikipikwa.

Ncha hizo zipandwe katika kitalu kilicho karibu na kisima, au pale maji ya kuogea yamwagikapo, kizungushiwe miiba kwa hadhari ya mbuzi, na kiwe mbali na shamba kuukuu ambamo fukusi wamekwisha kufanya maskani. Asiye na maji ya kutosha asikate tamaa: achague viazi vidogo visivyo na tundu, kutoka mimea isiyo na ugonjwa, avipange katika beseni kwa tabaka za mchanga mkavu pasipo kimoja kugusa kingine, aliweke beseni ndani ya nyumba penye ubaridi, na mara kwa mara avifukue atoe vilivyooza. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua avipande bustanini na kuvimwagilia, vitachipua marando mapya. Muda huo usifupishwe, kwa maana ekari moja yenye matuta yaliyoachana mita 1, na nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, hudai marando yapatayo 13,000, na kitalu kilichoanzishwa mawingu yakiwa yamekwisha kutanda hakiwezi kuyatoa.

Liko jambo ambalo mabwana shamba hulitaja kwa nadra, labda kwa kuogopa kugombana na wapishi. Kiangazi mboga huadimika, na matembele ya kitaluni ndiyo mabichi peke yake yaonekanayo uani. Kila jioni huchumwa konzi moja, na konzi hiyo ni zile ncha mlizokuwa mkizitunza. Pandeni tuta moja la jikoni, mbali kidogo na kitalu, na aila yote ijue mpaka uko wapi.