Chakula Kilichosindikwa: Uliza Kimefanywa Nini

Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo hubaki na sumu ya sianidi. Huko Tanzania, Msumbiji na Kongo, wapo watu waliopooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kuula hivyo kwa wiki nyingi mfululizo, nyakati za ukame ambapo hakukuwa na kitoweo cha maana. Kwa hiyo anayedai kwamba chakula halisi ni kile kisichosindikwa amepotoka. Kuloweka muhogo, kuanika dagaa, kuchemsha na kugandisha maziwa, yote ni usindikaji, tena wa kulinda uhai.

Wataalamu wanaotuonya kuhusu chakula kilichosindikwa wana jambo jingine akilini. Mwaka 2009 Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza chakula kipangwe kulingana na kilivyosindikwa. Kati ya makundi yake manne, linalotia wasiwasi ni la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi: soda, soseji, tambi za pakiti, biskuti. Hivi huundwa kiwandani kwa wanga, mafuta na sukari, kisha hutiwa rangi na vionjo ambavyo huwezi kuvikuta jikoni kwako. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwalaza watu 20 wodini wakawapa vyakula vya aina hiyo kwa wiki mbili, na vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, wale watakavyo. Walipopewa vya kiwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na uzito ukapanda kwa karibu kilo moja.

Hata hivyo makundi hayo hayatoshi mezani kwetu, maana yanaweka pamoja sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, na dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huishia kwenye pumba, na pamoja navyo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, madini na vitamini za kundi B. Mifugo hula kilicho bora! Mimi napendelea dona, kwa sharti moja: mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu hata kidogo. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe yake. Saga kidogo kidogo pia, kwa sababu mafuta ya kiini huufanya unga uharibike upesi. Ukinunua sembe, chagua iliyoongezwa virutubishi.

Dukani, geuza pakiti. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, hivyo sukari ikitangulia, umenunua sukari. Ukiona sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi: miligramu 800 kwenye pakiti ya tambi ni gramu 2. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mwanafunzi anayekula pakiti mbili za tambi za namna hiyo amebakiwa na chini ya gramu moja kwa mboga, mkate na kachumbari ya siku nzima.