Kiharusi: Picha Kwanza, Dawa Baadaye
Elimu ya mishipa ya damu ya ubongo kwa wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mtu anaamka asubuhi uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, ulimi mzito. Nyumbani wanasema amepitiwa na upepo mbaya, au ametupiwa kitu. Yanatafutwa mafuta ya kumchua, anaitwa mtaalamu wa kienyeji, na jua linazidi kupanda. Ndugu zetu wa Mpwapwa, Kondoa, Bahi na Manyoni, hicho ni kiharusi. Ni ugonjwa wa mishipa ya damu ya ubongo na una tiba, ila tiba hiyo ina saa zake.

Kiharusi ni cha aina mbili. Katika aina ya kwanza, bonge la damu iliyoganda huziba mshipa na sehemu ya ubongo hukosa damu. Katika ya pili, mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya fuvu. Kwa macho mgonjwa huonekana yuleyule, na hata daktari mzoefu hawezi kuzitofautisha kwa kumpima kitandani tu. Kwa hiyo tunasisitiza: usimpe aspirini nyumbani. Inaweza kumsaidia mwenye bonge, lakini kwa aliyepasuka mshipa huzidisha hatari. Wala usimlazimishe kunywa uji au maji, kwani koo likilegea humpalia.

Kinachotenganisha aina hizo ni picha. Kipimo cha CT, kilichotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, huchukua dakika chache na huonyesha damu iliyomwagika. MRI hutumia sumaku badala ya mionzi, huchukua muda mrefu zaidi, na huonyesha madhara madogo ambayo CT huyakosa. Mwenye betri ya moyo au chuma chochote mwilini aseme kabla hajaingia chumbani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma na iliyofunguliwa mwaka 2015, ina vipimo vyote viwili. Kwa picha tu, mgonjwa wa Kanda ya Kati hana haja ya kupelekwa Dar es Salaam.

Mkifika mapokezi, swali zito mtakaloulizwa ni hili: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Aliyeamka na kiharusi huhesabiwa tangu alipoonekana mzima usiku, si tangu alipoamka. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya CT kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyomwagika. Kulivuta bonge kwa mrija hufanyika zaidi ndani ya saa 6. Wachache wanaochaguliwa kwa picha maalumu hufikia saa 24.

Mrija huo huingizwa kupitia mshipa wa kinena au wa mkono, ukapandishwa hadi shingoni na kichwani huku daktari akiufuatilia kwenye skrini. Fuvu halifunguliwi. Njia ya kupiga picha mishipa ya ubongo kwa dawa inayoonekana kwenye eksirei ilianzia Lisbon, Ureno, mwaka 1927. Leo njia hiyohiyo hutibu. Mshipa ukidhoofika, ukuta wake hutuna kama tyubu ya baiskeli palipochakaa. Daktari hujaza kivimbe hicho nyuzi laini za platinamu ili damu isiingie tena. Mtu mwenye kivimbe kilichopasuka mara nyingi hueleza maumivu ya kichwa ya ghafla ambayo hajawahi kuyapata maishani. Huyo naye ni wa kukimbizwa hospitali.

Nchini kwetu, chumba cha tiba hii ya mrija kipo Taasisi ya MOI, Muhimbili, Dar es Salaam. Rufaa hupangwa na madaktari wa pande zote mbili, na mgonjwa husafiri kwa gari la wagonjwa akiwa na muuguzi. Treni ya SGR inafaa kwa anayerudi kliniki, lakini kumpakia mgonjwa mpya kwenye treni au basi ni kumpotezea saa zake njiani. Mfikisheni kwanza penye CT ya karibu.

Wenye presha wasiache dawa kwa sababu wanajisikia nafuu. Presha isiyotibiwa ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Watoto wenye selimundu nao hupata kiharusi, na mzazi aulize kliniki kuhusu kipimo cha kasi ya damu kichwani.

Anayepangiwa mrija aeleze mapema kama ana tatizo la figo, mzio, ujauzito, au anatumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda. Ukimaliza, kama mrija ulipita kinenani, utalala chali saa kadhaa bila kukunja mguu huo. Ukiona damu inatoka kidondani, bonyeza kwa nguvu palepale na umwite muuguzi.