Umri wa mtoto katika fomu ya mpira: Ni amana, tena ni afya yake



Somo letu la leo linawahusu wazazi na walezi wenye watoto wa miaka 9 hadi 15, hususan ndugu zetu wa Sumbawanga na Ufipa kwa ujumla. Kila kiangazi kinapoingia na mahindi yakishavunwa, viwanja vya mitaa na vya shule hujaa watoto, na timu huanza kuandikisha wachezaji kwa ajili ya ligi za vijana. Mpira si jambo geni huku. Agosti 2, 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapo hapo Uwanja wa Nelson Mandela, mjini Sumbawanga, na Simba ikaifunga Namungo 2-1. Mtoto aliyeona hayo kwa macho yake hawezi kulaumiwa akirudi nyumbani na fomu mkononi, akimwomba baba au mama asaini.

Mzazi Muislamu akiishika fomu ile hujiuliza mengi: Je, mazoezi yatagongana na madrasa? Atakuwa na marafiki gani? Viatu vitapatikana wapi? Maswali hayo ni ya haki. Lakini ipo sehemu moja katika fomu ambayo mara nyingi hujazwa haraka haraka, na wakati mwingine hujazwa na mwalimu wa timu bila hata mzazi kuulizwa. Nayo ni tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo afya ya mtoto wako, na afya ya mtoto wa jirani yako, inapoanzia.

UISLAMU NA MAZOEZI YA MWILI

Kwanza tukumbuke kuwa mazoezi si upuuzi. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na aliandaa mashindano ya farasi. Alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr (r.a.) anafunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimfundisha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Basi kama mwili wa mtu mzima aliyezama katika ibada una haki, mwili wa mtoto aliyezama katika mchezo unayo zaidi, kwani mtoto hajui kujipimia.

Juu ya suala la umri, tunalo funzo kubwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Abdullah bin Umar (r.a.) alijitokeza kwenda vitani siku ya Uhud akiwa na miaka 14, na Mtume (s.a.w.) hakumruhusu. Alipojitokeza tena katika vita vya Khandaq akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Khalifa Umar bin Abdul Aziz alipoisikia habari hiyo alisema kuwa huo ndio mpaka kati ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake waufuate.

Tuzingatie, ndugu wasomaji. Siku ya Uhud Waislamu walikuwa wachache na kila mtu alihitajika. Pamoja na haja ile, kijana mwenye hamu alirudishwa kwa sababu ya umri wake. Je, sisi tuna haja gani katika ligi ya mtaa, hata tuupindishe umri wa mtoto?

KWA NINI UMRI NI SUALA LA KITABIBU

Mifupa ya mtoto haijakomaa. Karibu na ncha za mifupa mirefu, kama ile ya paja, muundi na mkono, kuna sehemu laini ya gegedu ambayo ndiyo inayorefusha mfupa. Sehemu hiyo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe na kuliko kano zinazoushika. Kwa hiyo pigo ambalo kwa mtu mzima lingeleta mshtuko wa kano, kwa mtoto linaweza kuvunja sehemu ya ukuaji. Isipotibiwa vizuri, mguu unaweza kukua kombo au kubaki mfupi kuliko mwenzake.

Pili ni uzito. Kijana wa miaka 16 aliyekwisha balehe ana misuli na kasi ambavyo mtoto wa miaka 12 hana. Wakigongana, anayeumia ni mdogo. Makundi ya umri yaliwekwa kwa ajili ya kuzuia jambo hili hasa.

Tatu ni kichwa. Ubongo wa mtoto bado unakua na shingo yake haina nguvu. Ndiyo maana Marekani ilizuia watoto wa miaka 10 kushuka chini kupiga mpira kwa kichwa tangu mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2020 ikaelekeza kuwa watoto wa rika la shule za msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini. Mwalimu wa timu atafuataje tahadhari kama hizo ikiwa umri alioandikiwa si wa kweli?

Nne ni wingi wa mazoezi. Wataalamu wa tiba ya michezo hushauri kuwa saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 10 asizidishe saa 10, na apate angalau siku moja ya mapumziko kamili. Ukimpandisha umri, umemwongezea mzigo.

HALI YETU YA UFIPA

Sasa tutazame kwetu. Mkoa wa Rukwa ni ghala la chakula. Pamoja na hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uligundua kuwa asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 34. Katika utafiti wa mwaka 2022 hali ilikuwa imepungua, lakini bado karibu nusu ya watoto wa Rukwa walikuwa na udumavu. Magunia yapo, lakini sahani ya mtoto imejaa ugali mtupu. Maharage, dagaa, maziwa, mayai na matunda hupungua au huuzwa.

Watoto waliopimwa wakati ule wa 2015/16 ndio sasa wanaogombea namba katika timu za rika hili tunalolizungumzia. Maana yake ni kwamba, katika mkoa huu, kimo hakisemi umri. Mtoto wa miaka 15 anaweza kuonekana wa 12, kwa kuwa lishe duni huchelewesha hata balehe. Hapo ndipo shetani anapopata mlango. Mwalimu wa timu humwambia mzazi, "Huyu mwandike mdogo, mwili unaruhusu." Mzazi naye huona hakuna mtu atakayejua.

Lakini mtoto huyo ana ukomavu wa akili na uzoefu wa uwanjani wa miaka 15, na huenda misuli yake imeanza kukaza. Na upande wa pili yupo mtoto wa miaka 11 ambaye kweli ana miaka 11, naye amedumaa, mifupa yake haikupata lishe ya kutosha. Huyo ndiye anayewekwa mbele ya kijeba. Kuandika umri wa uongo ni kumdhulumu mtoto wa mwenzio ambaye wazazi wake wameamini karatasi.

Nchi yetu iliwahi kuonja uchungu wa jambo hili. Timu yetu ya taifa ya vijana, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika za chini ya miaka 17 za mwaka 2005, zilizochezwa Gambia, kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Jasho la vijana wote likapotea. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wa rika hilo lililofanyika Nigeria, FIFA ilianza kuwapiga wachezaji picha maalumu za kifundo cha mkono ili kuona kama mfupa umemaliza kukua.

Hata hivyo, kipimo hicho hakiwezi kumtofautisha mtoto wa miaka 12 na wa 14 kwa uhakika, na wala hakipo kwenye ligi za kata zetu. Kwa mtoto mdogo, kipimo pekee ni ulimi wa mama aliyemzaa na baba aliyemlea. Hii ndiyo maana ya amana.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUSAINI

1. Chukua cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, tafuta kadi ya kliniki, kwani tarehe ya kuzaliwa imeandikwa humo, kisha uanze taratibu za cheti kwa RITA kupitia ofisi ya wilaya. Jaza tarehe wewe mwenyewe. Usisaini fomu yenye nafasi tupu.

2. Mpeleke kituo cha afya. Eleza kama ana pumu, kifafa au selimundu, au kama amewahi kuzimia, kuumwa kifua au kuishiwa pumzi akikimbia. Taja pia kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Maumivu ya koo yasiyotibiwa huweza kuharibu vali za moyo, na ugonjwa huo hujificha mpaka mtoto akimbie sana. Mtoto mwenye matatizo haya si lazima azuiwe kucheza, lakini lazima ajulikane.

3. Hakikisha amepata dawa za minyoo na chanjo ya pepopunda. Minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya mguu mtupu, hunyonya damu, na mtoto huchoka mapema uwanjani akaitwa mvivu. Viatu, hata vya bei nafuu, ni kinga. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, lisipakwe udongo wala kinyesi cha mnyama.

4. Muulize mwalimu wa timu: Mtoto akigongwa kichwa mnafanyaje? Jibu sahihi ni moja tu. Akiona kizunguzungu, akitapika, akichanganyikiwa au kuumwa kichwa, anatoka, harudi uwanjani siku hiyo, na anapelekwa hospitali.

5. Uliza mechi za ugenini zitachezwa wapi. Sumbawanga iko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mbu si wengi. Bonde la Ziwa Rukwa, kama vile Muze na Mtowisa, liko chini kwa karibu mita 1,000. Kuna joto na malaria. Mtoto akilala huko alale ndani ya chandarua, na akipata homa baada ya safari apimwe mara moja. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au kutiwa dawa.

CHAKULA, USAFI NA IBADA

Ukishamsajili, badilisha sahani yake. Uji wa ulezi asubuhi, maharage au dagaa pamoja na ugali, mboga za majani na tunda. Vyote hivi vinapatikana Ufipa. Mtoto anayecheza bila kula vizuri anaula mwili wake mwenyewe. Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, apashe misuli moto kabla ya kukimbia, na avae nguo kavu akimaliza.

Akirudi aoge, abadilishe nguo za jasho, akaushe katikati ya vidole vya miguu. Asichangie taulo wala soksi na wenzake, maana fangasi huambukiza hivyo. Bukta yake iwe ya kusitiri.

Kuhusu swala, jua huzama Sumbawanga kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mazoezi yakianza saa 10 kamili jioni, alasiri mara nyingi bado haijaingia, na yakiisha magharibi mtoto atakuwa ameikosa. Mwombe mwalimu wa timu awape vijana dakika chache wakaswali. Ukimwomba kwa adabu siku ya kwanza ya usajili, ni vyepesi kukubaliwa. Mwezi wa Ramadhani, asiyebalehe hajawajibika kufunga. Lakini akifunga kwa kujizoeza, asikimbizwe mchana. Aliyebalehe amewajibika, na mazoezi yake yasogezwe baada ya futari.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mzazi, jiulize haya: Je, naijua tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu kwa ushahidi? Je, niliijaza mwenyewe? Je, mtoto wa jirani angeumizwa na mwanangu uwanjani, ningeweza kumwonyesha baba yake fomu niliyosaini bila kuinamisha kichwa?

Na tukumbuke kuwa mtoto mwenyewe anatazama. Akiona baba amebadilisha mwaka ili apate namba, somo la kwanza alilofundishwa na timu ni uongo, na aliyemfundisha ni mzazi wake. Akiona baba amesema, "Mwanangu, umri wako ni huu, kama nafasi haipo mwaka huu tutangoja," atakuwa amejifunza alichojifunza Ibn Umar siku ya Uhud: kurudi nyumbani bila fedheha, na kungoja wakati wake.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe wenye kutunza amana, na awakuze watoto wetu katika siha na ucha Mungu. Wabillahi tawfiq.